Mwambie Mungu Hivyo Hivyo

Albertina na mumewe Lourenço waliishi msituni, upande wa Pundanhar, kaskazini mwa Msumbiji. Ilikuwa wakati wa vita vya ukombozi. Walipika alfajiri tu, maana moshi wa mchana uliita ndege za Wareno. Walilima mihogo katika vishamba vilivyofichwa na miti. Walikuwa na watoto wawili: Sabina, msichana mchangamfu, na Manuel, aliyekuwa bado ananyonya.

Siku moja Albertina alimtuma Sabina kung'oa mihogo. Ndege ikapita, ikaangusha bomu. Sabina hakurudi.

Tangu hapo Albertina hakwenda shambani. Alilala akitazama ukuta. Chakula kilimshinda, maziwa yakapungua. Manuel alilia kwa njaa.

"Acha kulia, mama Sabina," Lourenço alimwambia. "Sisi ni Wakristo. Sali, upate nguvu."

Albertina alijifunika kanga uso mzima.

Jirani yao Mastura, Mwislamu, alileta uji. Albertina hakuugusa. Mastura akaogopa, akaenda kumwita Delfina, katekista aliyesalisha watu tangu mapadri walipoondoka.

Delfina aliketi mkekani. Hakuanza na sala.

"Niambie, mwanangu."

Albertina alifunua uso. "Mimi ndiye niliyemtuma."

"Ulimtuma mihogo. Hukumtuma kifo."

"Nikifumba macho kusali, naiona ile ndege. Mungu amenikasirikia. Natamani nilale nisiamke."

Delfina alimshika mkono. "Umefanya vyema kulisema. Huu ni ugonjwa wa huzuni. Si dhambi, wala si upungufu wa imani. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa rafiki yake."

"Sasa nisali vipi?"

"Usifumbe macho. Mwambie Mungu hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Ukikosa maneno, sisi tutakusalia."

Kisha akamgeukia Lourenço. "Asiachwe peke yake. Akisema, msikilize. Akilia, usimkataze."

"Ndiyo, mama," Lourenço alijibu. Akakaa karibu na mkewe. "Hata mimi moyo unaniuma," alisema, na machozi yakamtoka. Wakalia pamoja.

Wanawake wakapeana zamu ya kukaa naye. Mastura alimnywesha uji kidogo kidogo. Delfina alikuja kila jioni kwa sala fupi. Jioni moja Albertina alisema kwa sauti, "Mungu, nina hasira nawe."

"Amina," akaitikia Delfina.

Albertina alishangaa, kisha akapumua. Kifua kilikuwa chepesi kidogo.

Haikuwa safari ya siku moja. Kuna siku alirudi kulala akitazama ukuta. Lakini maziwa yaliongezeka, na Manuel akanenepa.

Jumapili moja, baada ya sala, Albertina alisimama mbele ya watu. Akawasimulia jinsi Sabina alivyomfukuza tumbili aliyeiba mhogo, akamrushia mhogo wa pili kwa hasira, na tumbili akaudaka. Watu walicheka. Albertina naye akacheka, machozi yakimtiririka.

Mastura akampa bakuli la matapa, kisamvu kilichopikwa kwa karanga. Albertina alilimaliza lote, akaomba aongezewe.