Ukimwita, Usimgombeze

Saa ya watu kutoka kazini, mbele ya duka kubwa, mbwa wa kahawia alichomoka mbio na mkate wa mtu mdomoni. Nyuma yake alikuja fundi cherehani mwenye gauni la maua, tepu ya kupimia ingali shingoni, kiatu kimoja mkononi.

"Kamanda! Njoo hapa! Njoo, leo utanitambua!"

Jamani, nani angekuja kwa mwito huo? Kamanda alizidi kukimbia. Ndipo kijana mmoja mrefu akachuchumaa katikati ya watu, akamgeuzia mbwa ubavu, akatazama pembeni, kimya. Kamanda akasimama. Akajisogeza mwenyewe mpaka magotini pake.

"Umemfanyaje?" fundi akauliza, akihema.

"Sijamfanya kitu. Wewe akija unamfanyaje?"

"Namvuta sikio."

"Ndiyo maana. Ukimwita mbwa usimgombeze, hata kama amekula sofa. Akija, msifu, mpe kitu kitamu. La sivyo siku nyingine haji."

"Makubwa! Wewe nani, wakili wake?"

"Mwalimu wa mbwa. Jumamosi, uwanja wa nyuma ya shule. Mlete."

Alimpeleka. Kamanda akajifunza kukaa, kutoa mkono, hata kuleta kandambili bila kuzitafuna. Fundi naye akajifunza kungoja simu ya jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Kamanda anakusalimia."

"Na mwenye Kamanda?"

"Huyo ana maringo, hasalimii ovyo."

Walipendana, tusizunguke. Shangazi aliyemlea fundi alikuwa ameshaanza kuuliza mgeni anakuja lini.

Jumamosi moja, uwanja umejaa wateja, mwalimu akaita, "Mpenzi, njoo!" Fundi alikuwa amevaa gauni jipya la bluu, kalishona kwa ajili ya siku hiyo. Akaenda anatabasamu, akidhani anakwenda kutambulishwa.

"Nimekwambia mara ngapi usimlishe mezani? Tazama anavyowarukia watu! Unaniharibia kazi!"

Mtu mmoja akacheka. Fundi akamfunga Kamanda kamba, akaondoka.

Simu za mwalimu zikaita bila kupokelewa wiki nzima. Mwishowe fundi akapokea.

"Mpenzi, njoo basi Jumamosi tuzungumze."

"Siji."

"Kwa nini?"

"Uliniita nikaja nacheka, ukanigombeza mbele za watu. Mbwa unajua kumwita. Mimi je?" Akakata.

Mwalimu alibaki ameshika simu. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa, maana kazi yake aliijua: mbwa aliyeumizwa hivyo anaweza asije tena, umwite mpaka sauti ikukauke. Na yeye bila huyu mwanamke hakujiona popote.

Kesho yake alifunga darasa, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi, akaenda kwenye duka la kushonea. Hakubisha hodi. Alichuchumaa mlangoni, ubavu ndani, macho barabarani. Wapita njia wakamshangaa. Kamanda akatoka, akalala juu ya viatu vyake.

"Wewe! Wateja wangu watapita wapi?"

"Sikuiti tena, nimekuja mwenyewe. Nilikuaibisha, na kosa ni langu. Nakupenda. Nisamehe."

Cherehani ikanyamaza.

"Magoti yanauma?"

"Yanawaka moto."

"Vizuri." Akamalizia pindo, akakata uzi kwa meno. Machozi yalikuwa yanamlenga, lakini hakutaka ayaone. "Na shangazi nimwambie nini?"

"Mwambie mgeni anakuja Jumapili, na wazazi wake, kuomba kukuoa. Kama bado unanitaka."

Fundi aliacha cherehani. Alifungua kopo la Kamanda, akatoa biskuti moja, akaenda kusimama ndani kabisa, karibu na kioo cha wateja.

"Njoo," akasema polepole.

Wakainuka wote wawili. Mwalimu ndiye aliyefika kwanza, na biskuti akapewa yeye.