Barafu Iliyopewa Jina la Mtoto

Maji ya kumwogeshea mtoto yalitoka jikoni yakifuka mvuke. Gatesi alipoyafikisha chumbani na kutia mkono ndani ya beseni, aliurudisha haraka: yalikuwa ya baridi ya kuuma mifupa. Akayachemsha upya, yakapoa vilevile. Basi akamfuta mtoto kwa kitambaa, akajiambia ni uchovu wa uzazi. Uchovu gani huo, jamani, unaopoza maji?

Mumewe, Mutabazi, mwalimu wa fizikia aliyerudi Gisenyi, mji wa mpakani, kutoka Tanzania baada ya vita, hakuwa na habari. Alikuwa ameinamia picha za anga. Mwaka ule wa 1998, rafiki yake aliyekuwa Ubelgiji alimtumia picha zilizopigwa kwa darubini kubwa, mbilimbili, za sehemu ileile ya anga. Nyota hutulia mahali pake; lakini kidoa kikihama kati ya picha ya kwanza na ya pili, hilo ni donge la barafu linalolizunguka jua huko nyuma kabisa, kupita sayari ya Neptuni. Kazi ya Mutabazi ilikuwa kuvisaka vidoa hivyo na kukokotoa njia yake.

Jana yake alikuwa amepata kimoja ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Kwa furaha alikigusa kwa ncha ya kalamu, akasema kwa sauti, "Uwamahoro! Karibu nyumbani."

Gatesi alishtuka. Hilo ndilo jina walilomwekea akiba binti yao, na mtoto hakuwa amepewa jina bado. Kule kwao kichanga husubiri siku yake: watu wakusanyike, ndipo baba alitamke jina mbele yao.

"Umelitoa jina la mwanangu kwa jiwe?"

"Utani tu, mke wangu. Lenyewe liko mbali mno."

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Siku ileile ya maji ndipo ilipoanza sauti. Mchana kweupe, kitu kizito kiliburuzika juu ya changarawe nyeusi za volkano, nje ya ua, kikiizunguka nyumba taratibu. Ukichungulia, huoni kitu. Kesho yake kilikuwa kimeshaingia uani. Halafu kikawa kinapita kando ya kuta, dirisha kwa dirisha, na kila kilipopita vioo viliingia ukungu kwa ndani, harufu ya chuma kilicholowa ikajaa chumba kizima, mtoto akaachia titi, midomo ikambadilika rangi, na Gatesi, akimkumbatia chini ya mablanketi, alijihisi amekumbatia samaki aliyetoka ziwani sasa hivi, naye akajua bila kuambiwa na mtu kwamba mzunguko ule ukifika kitandani, mwanawe hatakuwapo tena.

Akaitwa shangazi wa Gatesi, Nyirabagenzi, mwaguzi aliyekuwa akiishi Goma. Alivuka mpaka asubuhi, akaweka sikio ukutani, akasikiliza.

"Yee!" alinong'ona. "Hii iko jini ya baridi. Ilikuwa inazunguka kule mbali, bila jina, hakuna mutu aliiita. Bon, sasa mumeipa jina. Inakuya kuchukua na mwenye jina."

"Tufanye nini, shangazi?"

"Mutoto apate jina ingine, leo leo. Na ule aliiita atoke kwa nyumba. Itamufuata yeye."

Mutabazi, aliyezoea kuyacheka mambo haya, hakucheka. Alimbusu mtoto kwenye paji, akatoka, akasimama ng'ambo ya barabara. Changarawe zikasagika nyuma yake, na ile sauti ikaanza kumzunguka yeye. Chumba kikapata joto. Mtoto akalia kwa nguvu, na Gatesi naye akalia kwa furaha.

Majirani wakaitwa. Shangazi akambeba mtoto hadi mlangoni. "Sema, baba yake!" akapaza sauti. "Sema Kamikazi!"

Mutabazi akafungua kinywa. Jua liliwaka, lakini mvuke mweupe ulimtoka. Midomo ilihangaika, macho yakamtoka pima, na sauti iliyokuja haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya kusaga.

"Uwamahoro."

Mtoto akageuza kichwa kumwelekea. Vidole vyake vikaanza kugeuka rangi ya majivu.

Gatesi alimpokonya shangazi mtoto, akamziba mwanawe masikio. "Kamikazi!" alipiga kelele. "Mimi mama yako nakuita Kamikazi! Kamikazi!" Mama kumpa mtoto jina na baba yake amesimama pale, nani amewahi kusikia? Majirani waliguna. Hakuwajali, aliita mpaka rangi ya damu ikarudi vidoleni mwa mtoto.

Mutabazi akaanza kuvuka barabara, anatabasamu. Alipokanyaga, vumbi liligeuka jeupe.

"Funga, mama," shangazi alinong'ona. "Funga mbiyo!"

Gatesi alimpenda mume yule, hakuna uongo. Akafunga mlango, akatia komeo.

"Gatesi, mke wangu, nifungulie. Nasikia baridi." Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ileile ya siku zote, mlangoni. Kisha ikatokea dirisha la jikoni. Kisha nyuma ya nyumba. Kisha ikarudi mlangoni, changarawe zikisagika, ikaanza upya. "Gatesi, mke wangu, nifungulie."

Gatesi aliketi sakafuni, akamziba Kamikazi masikio kwa mikono yote miwili. Ya kwake aliyaacha wazi.