Aliyeningoja Mtaroni

Jua lilikuwa limeshaegemea milima ya Nyandarua basi la shule lilipotushusha mahali pa mwisho. Tangu asubuhi tulikuwa tumezungushwa Nyeri yote: mnara wa kumbukumbu pale mjini, kaburi la yule mzungu wa maskauti, jiwe la wapiganaji wa uhuru kule Tetu. Miguu iliniuma, na historia ilikuwa imeshanitoka. Nilikuwa nawaza chapati tu.

Mwalimu Kinyua akatuonyesha mtaro mrefu kando ya msitu, umeota nyasi.

"Huu ulichimbwa na mashosho zenu kwa lazima ya mkoloni," akasema, "ndio wapiganaji wa msituni wasipelekewe chakula. Wengine uliwaangukia. Hawakutolewa."

Wenzangu wakaanza kupigana picha. Mimi nikasogea mbele, mahali penye utulivu.

Ukingoni alikuwa ameketi mwanamke, kiondo mgongoni. Amejifunika leso hadi machoni. Nikadhani ni shosho, ajuza wa kuokota kuni.

"Kijana, unaitwa nani?"

"Wahome. Wa Waweru, wa Giakanja."

Akacheka kidogo. "Kumbe ni bwana yangu!"

Sikushtuka. Kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake, na mashosho hawachoki na utani wa kumwita mume. Shosho Wangui, nyanya yangu aliyenilea, huniita bwana yake kila siku ya Mungu, nami humwita bibi yangu, kama mke. Basi nikajibu nilivyozoea.

"Ni mimi, bibi yangu. Umekuwa ukiningoja?"

Akanigeukia polepole.

Nikasikia harufu ya udongo mbichi... na ilikuwa kiangazi.

"Sana," akanong'ona. "Nipee mkono."

Nikampa. Wake ulikuwa baridi mno...

"Wahome! We, unachimba nini?"

Alikuwa rafiki yangu Griffins, juu ya ukingo. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ndani ya mtaro, mikono imezama udongoni hadi viwiko. Mwanamke hakuwepo. Griffins alinivuta mpaka sweta ikararuka, nami nikalia mbele yake bila haya. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Nilifika nyumbani giza likiingia. Shosho alikuwa jikoni, anaponda mukimo.

"Bwana yangu amerudi!"

Nikamweleza yote. Mwiko ukamtoka mkononi.

"Alikuita bwana?"

"Ee, Shosho."

"Na ukaitika?"

"Niliitika. Nilidhani ni mchezo."

Akaenda akafunga mlango kwa komeo. Akarudi, akanishika mkono, akanikalisha karibu naye. Ndipo akaniambia jambo ambalo kwetu halisemwi. Kabla yake, babu alikuwa na mke mwingine, Wachuka. Babu alipoingia msituni, Wachuka alipelekwa kuchimba mtaro, na mtaro ukamfunika. Hakuwa amezaa, kwa hivyo hakuna mtoto hata mmoja aliyepewa jina lake.

"Hana mtu huku juu," Shosho akanong'ona. "Ako na bwana tu."

"Lakini mimi si babu!"

"Wewe ulisema ni wewe."

Nje, mbwa alibweka mara moja, kisha sauti ikakatika ghafla.

Kitu kikaburuzwa uani. Polepole. Kikasimama.

Harufu ya udongo mbichi ikaingia chini ya mlango.

Nikaukaza mkono wa Shosho, naye akaukaza wangu.

Halafu sauti ikaja. Ya chini. Ya adabu, kama ya mtu aliyekuja kuomba chumvi kwa jirani.

"Wangui... nyumba yangu ndiyo kubwa. Leo ni zamu yangu."

Nilimtazama Shosho nikimsihi kwa macho aseme hapana. Aseme tu hapana! Midomo yake ilicheza, lakini neno halikutoka. Aliolewa wa pili, na mke mdogo hazuii zamu ya mkubwa.

Vidole vyake vikaanza kuniachilia, kimoja baada ya kingine.