Mchezo Wenye Risasi Nyingi

"Mgeni wako yuko ghala la magodoro," ilisema sauti kwenye simu. "Mchukue kabla ya saa kumi na moja."

Mgeni! Mpigaji, Mkuu wa kitengo, alijua fika kuwa huyo mgeni ni dada wa Bubu, wa tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Lakini kazini hakuna dada.

Bubu ndilo jina walilompa wenzake wa idara ya ujasusi kwa uchache wa maneno yake. Sasa alikuwa kajibanza nyuma ya pipa la maji, karibu kabisa na lango la ghala.

Dada aliandika michezo ya redio, na nchi nzima ilimsikiliza. Wauza silaha walikuwa wamemteka wakitaka mchezo mmoja tu, wa kuwachonganisha watu wa mpakani mpaka wachinjane. Vita ikiwaka, bunduki zitauzika. Mchezo ungerushwa jioni hii, kwa sauti yake mwenyewe.

Paa!

Risasi, kutoka ndani. Bubu akashika bastola yake, Glock.

Paa! Paa!

Walinzi wawili langoni hawakugeuza hata shingo. Mmoja akapiga miayo.

"Mazoezi tena. Huyu mama na risasi zake! Masikio yameniota sugu."

Bubu akaelewa. Zilikuwa risasi za kanda, za mchezo.

Glock haikuwa na kiwambo cha sauti. Leo hakukihitaji.

Kanda ikalia. Glock ikalia. Mlinzi wa kwanza akaanguka. Wa pili akafungua mdomo, asiwahi kusema kitu.

Hakuna aliyetoka kuangalia.

Bubu akapanda ngazi, akipita makreti ya AK-47 yaliyofichwa nyuma ya magodoro. Chumba cha mwisho: kipaza sauti, fundi wa mitambo, na bwana mnene mwenye bastola ya Beretta ambaye wote walimwita Tajiri. Katikati yao dada, amekonda, miwani imeshikizwa kwa gundi.

"Soma tena," alisema Tajiri. "Kwa hasira."

"Fundi, weka risasi," alisema dada.

Bubu aliiweka yeye. Tajiri akaanguka kabla hajageuka.

"Mimi ni wa mitambo tu, kaka!" alilia fundi. Bubu akamfunga kamba, akamfungia stoo.

"Umechelewa," alisema dada.

"Risasi zote hizo, mchezo mmoja?"

"Nilijua watakutuma wewe. Na wewe tangu utoto hujawahi kuingia mahali kimyakimya."

Bubu alicheka mpaka akajishangaa. Hakukumbuka mara ya mwisho kucheka na mtu.

Simu ikatetemeka.

"Unaye?"

"Ninaye, Mkuu. Na silaha zipo."

"Safi. Mlete studio zetu. Maneno tumeshamwandikia, ya kuhimiza vijana waende vitani. Saa kumi na moja asome."

"Akikataa?"

"Kazi yako unaijua."

Dada alikuwa amesikia yote. Akafuta miwani kwa pindo la gauni.

"Hawa walinishikia bastola," alisema. "Nyinyi mtanishikia nini, mdogo wangu?"

Bubu akatoa funguo za Toyota yake iliyoegeshwa nyuma ya ghala. Akampa.

"Vuka mpaka. Usisimame popote."

"Twende wote."

"Lazima mmoja abaki awapoteze njia."

"Basi nitaandika mchezo mwingine, wangu mwenyewe. Utausikia."

"Redio za huko hatuzipati huku, dada."

Dada akamshika shavu kama alivyozoea Bubu alipokuwa mdogo, kisha akashuka. Bubu alisikiliza gari mpaka lilipotokomea, ndipo akapiga simu.

"Wahalifu wamekwisha, Mkuu. Mgeni kanitoroka. Kaelekea bandarini."

"Mwanamke wa miaka hamsini kakutoroka wewe?"

"Ana mbio, Mkuu."

Saa kumi na moja alikuwa akipita mtaani. Redio zilikuwa wazi kila kibanda, watu wamezizunguka, na zote zilipiga muziki mtupu.

"Mchezo hamna leo," alilalamika kinyozi mlangoni pake. "Sijui mama yule kapatwa na nini, jamani. Kaka, wewe unamjua?"

Bubu alitamani kusema ndiyo, ni dada yangu, sina mwingine.

"Hapana," alisema. Akavaa miwani yake ya jua, akaenda zake.