Tovuti ya Dorothée Imepotea

— Adolphe, site yangu imepotea!

Dorothée alipaza sauti kwenye simu. Mvua ilikuwa imekatika, na ukungu mwepesi ulielea juu ya mabati ya Nyakasanza kana kwamba mtaa mzima unaota.

— Imepoteaje, chérie?

— Naandika «Bunia» kwa Google, siioni. Ni vita tu, vita tu.

Adolphe alikuwa mchumba wake, na ndiye aliyeitunza tovuti ile. Dorothée aliandika humo habari za arusi, za kwaya, za jibini ya baba yake kule Irumu. Aliwaandikia hasa watoto wa dada yake Angélique waliozaliwa Kanada, ili wakitafuta mji wa mama yao wasione bunduki peke yake.

— Juzi ulisema alama ya nguvu yake kwa Google imepanda, vingt-huit sur cent, ishirini na nane kwa mia! Nikakukumbatia mbele ya watu!

— Nilinunua liens, viungo vya kuelekeza kwa site yako, Dorothée. Kuna watu wanauza. Site za bandia zikaelekeza kwako, alama ikapanda. Sasa Google imegundua, imetushusha.

— Kumbe nilifurahia bongo yako, uongo mutupu?

— Nilitaka ufurahi mbio.

— Weye, mimi ningengoja! Na kesho utanidanganya juu ya nini ili nifurahi?

Akakata simu.

Adolphe hakumtumia maneno matamu. Aliviondoa vile viungo vya kununua, vilivyogoma akaviripoti kwa Google. Kisha akapanda pikipiki: redio ya mtaani, chuo, akina mama wauza samaki wa Kasenyi, kila aliyekuwa na ukurasa wake.

— Musome kwanza. Mukipenda, muweke lien kwa site yenu.

Wengine walimfukuza. Wengine walisoma mpaka chai ikapoa.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Angélique akapiga simu.

— Dodo, mutoto amemuona koko yake, baba yetu, na ngombe kwa Google! Anauliza tutakuja lini. Nani alifanya kazi hii?

Dorothée alimjua. Akafungua dirisha, harufu ya mikaratusi ikaingia, akamwandikia Adolphe:

«Alama iko ngapi leo?»

«Onze tu, kumi na moja. Lakini hakuna lien ya kununua.»

Akalala kitandani na simu kifuani, akitazama wingu likipita polepole. Halafu:

«Jumapili baba anakungoja Irumu. Kuja na wazee wenu kwa maneno ya mahari. Akikuuliza kitu, sema kweli hata kama inauma.»

Ujumbe ulimkuta Adolphe kando ya barabara. Akausoma mara mbili juu ya pikipiki. Akabaki ameketi palepale, akicheka peke yake, watu wakimpita.