Mchele Uliowaua Ndege wa Mzee Amisi

"Simama! Weye mwenye kinga, simama!"

Sauti ya Sidonie, mshonaji, ilipasua kelele za soko la Kasongo, Jumamosi asubuhi, mwaka 1953. Kijana aliyekuwa juu ya kinga, yaani baiskeli, alikaza breki, akayumba kushoto, akaangukia meza ya vikwembe, vitambaa vya Sidonie. Mbele ya gurudumu lake, katikati ya njia, mzee mmoja alikuwa amepiga magoti, akiwa amefunika kitu kwa viganja. Kilikuwa ni kinda wa kunguru.

"Soko nzima inasimama kwa sababu ya ndege?" kijana aliuliza, akijipangusa vumbi. Alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na soksi nyeupe mpaka magotini.

"Si ndege tu," Sidonie alimjibu, akiokota vikwembe vyake. "Ni mutoto wa Kapita. Muulize Babu Amisi."

"Kweli kabisa," mzee alisema bila kuinua kichwa. "Baba yake iko pale juu ya bati, anakuangalia. Akikasirika atakulipisha kodi mara mbili."

Watu walicheka. Lakini kabla ya kucheka, kila mmoja aligeuka kwanza kuona kama polisi yuko karibu.

Ndivyo alivyokuwa Mzee Amisi. Zamani alipika kwenye boti za mtoni kule Nyangwe. Sasa alikuwa mjane, mnene wa tumbo, mwenye koti kuukuu la askari lisilo na kifungo hata kimoja. Kila asubuhi alipita nyumba kwa nyumba kuomba chenga za mchele kwa wanawake waliokuwa wakitwanga, kisha akaenda kuwamwagia ndege wa soko. Aliwasalimia kwa vyeo vya wakubwa wa Serikali. Mwewe alikuwa Komiseri, kunguru Kapita, na wale wadogo wa manjano waliofuma viota kwenye michikichi ya soko aliwaita raia. Waislamu walisema mzee ni wa kwao, Wakristo nao wakasema ni wa kwao. Mtaa mzima ulimpenda, na mtaa mzima ulimwogopea ulimi wake.

Kijana mwenye kinga aliitwa Grégoire. Alikuwa moniteri wa kilimo, mzaliwa wa Wamaza, kazi yake kukagua mashamba ya mpunga ambayo Serikali iliwalazimisha watu kulima. Jumatatu alirudi kwenye cherehani ya Sidonie, shati mkononi.

"Kifungo kimetoka," alisema.

Jumatatu iliyofuata alirudi tena.

"Kimetoka tena? Uzi wangu ni mubaya?"

"Uzi wako ni muzuri."

"Basi kimetoka peke yake?"

"Nilikisaidia kidogo."

Sidonie aliinamia cherehani ili asionekane akitabasamu. Siku hiyo alivaa blauzi ya buluu yenye mikono iliyopindwa, na Grégoire aliitazama mpaka Mzee Amisi, aliyekuwa akipita na kikapu chake, akamwambia, "Moniteri, funga kinywa, nzi ataingia."

Wakapendana hivyo, mbele za watu, kwa maneno madogo madogo. Grégoire akamwita Sido wangu. Naye akamwita Bwana Soksi.

Kisha mpunga ulianza kuiva.

Bwana wa kilimo, Mzungu ambaye watu waliogopa kutaja jina lake hata ndani ya nyumba zao, alisema ndege wanaolala mjini ndio wanaokula mpunga wa Serikali. Lazima wafe. Aliamuru watu wake watoe ghalani gunia moja la mchele uliochanganywa na sumu, wakalimwage sokoni. Asiyetii, buloko, yaani jela. Na watu wote walijua fimbo za buloko.

Alhamisi, soko lilipokuwa limejaa, ndege wa kwanza alianguka juu ya kitambaa alichokuwa akishona Sidonie. Alikuwa wa manjano. Alipiga bawa mara mbili, akatulia. Kabla Sidonie hajavuta pumzi, wengine wakaanza kudondoka kwenye meza za samaki, kwenye vikapu, kwenye vichwa vya watu. Wanawake wakapiga mayowe. Mmoja akasema ni uchawi, mwingine akasema Wazungu wameamua kutuua wote. Watu wakamwaga maji yao ya mitungi, wakakimbia na watoto mgongoni. Kuku nao wakaanza kuanguka.

Mzee Amisi peke yake hakukimbia. Alitambaa chini ya meza za samaki akizoa kwa mikono mitupu mchele uliokuwa umemwagwa.

"Musiguse!" alikuwa akilia. "Watoto wasiokote! Musiguse!"

Sidonie alitaka kumsaidia. Miguu ilimkataa. Alijifungia nyumbani kwao, ng'ambo ya njia tu, akabana jicho kwenye ufa wa mlango. Ndipo akamwona Grégoire. Alisimama chini ya michikichi na debe mkononi, na debe lilijaa mchele ule ule. Grégoire aliuona mlango ukitikisika, akajua nani yuko nyuma yake. Akaweka kidole mdomoni: nyamaza.

Moyo wa Sidonie ukawa baridi kama jiwe la mtoni.

Jioni ile Mzee Amisi alianza kutapika. Ijumaa, mchana, akafa lopitalini, katika hospitali ya mji.

Jumamosi polisi alikuja kwa akina Sidonie na daftari. Baba yake alisimama kando ya mlango, akikunjakunja kofia mikononi.

"Alhamisi, nani ulimuona na mchele?" polisi aliuliza.

Sidonie alitazama mikono ya baba yake. "Grégoire," alisema. "Moniteri."

Polisi aliandika, akaenda zake.

Kwenye maziko Grégoire hakuonekana, na Sidonie hakuhitaji ushahidi mwingine. Wiki hiyo alipanda kamiyo, lori la mfanyabiashara, akaenda Kabambare kwa shangazi yake Clémentine. Huko alishona sare za wanafunzi wa misioni, na kila alipopita barabarani mtu mwenye kaki sindano ilimchoma kidole.

Miezi miwili ikapita. Siku moja, saa nne asubuhi, shangazi alimwita kutoka barazani.

"Sidonie! Kuko mutu hapa. Amekonda sana."

Alipochungulia na kumtambua, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akashika mkasi.

"Usikaribie."

"Sitakaribia," Grégoire alisema. Alibaki mlangoni. Soksi hazikuwapo, miguu yake ilikuwa na vumbi la safari nzima. "Nitasemea hapa hapa."

"Ulimuua Babu."

"Siku ile nilikuwa naondoa ule mchele, Sido. Mimi na mzee. Alizoa upande wa samaki, mimi upande wa michikichi. Nilikwenda kuuzika kule bondeni."

"Mwongo! Uliniambia ninyamaze."

"Kwa sababu kuondoa sumu ya Serikali ni buloko."

Sidonie alishusha mkasi. Alikuwa ameanza kuelewa, na hofu hii mpya ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Buloko," alirudia polepole. "Ulikuwa..."

"Miezi miwili kasoro siku tano."

"Walijuaje?"

Grégoire alitazama chini. "Walinisomea daftari."

Mkasi ulianguka. Sidonie alikaa sakafuni palepale, kitambaa cha kichwa kikamtoka. "Ni mimi," alisema. "Ni mimi nilikufunga. Na umetoka huko, ukaja huku?"

"Nilikuja kwa sababu kuna neno moja daftari haina." Alishika mwimo wa mlango. "Lile gunia, nani alilileta sokoni toka ghalani? Ni mimi. Jumatatu, juu ya kinga yangu. Nilijua ni nini ndani. Niliogopa fimbo, nikabeba. Siku tatu sikulala, mpaka wengine wakaumwaga na ndege wakaanguka. Nikikumbuka mikono ya mzee, naona gunia."

Shangazi Clémentine alileta maji, akayaweka mlangoni, akaondoka.

"Walimuzika namna gani?" Grégoire aliuliza mwishoni. "Hakuna aliyenielezea."

Sidonie akamwelezea. Mtaa mzima ulitoka, Waislamu mbele, Wakristo nyuma. Polisi walipangwa kandokando ya njia, na kwa kuwaogopa hakuna aliyethubutu kulia. Kisha Mama Régina, mtwanga mchele, akapaza sauti: "Kwenda salama, Bwana Mukubwa wa ndege!" Mtaa wote ukaitikia, "Kwenda salama!" Polisi wakatazamana, hawakujua wamkamate nani.

Grégoire alicheka, na katikati ya kicheko akalia. Sidonie alisogea mpaka kizingitini.

"Alikuambia nzi wataingia kinywani," alisema.

"Alisema nzi mumoja tu."

"Grégoire. Mutu aliyekufunga, ungemufanya nini?"

"Ningemuoa," alisema. "Akikubali mutu aliyebeba gunia."

Sidonie alimpa maji kwanza, akamtazama akinywa mpaka kikombe kikaisha. "Nenda uongee na baba," alisema. "Mchana, watu wakiona. Na tunakwenda pamoja."

Waliondoka na kamiyo ya mpunga. Mlangoni mwa Kasongo palikuwa na kizuizi cha kukagua karatasi, na mwenye zamu alikuwa polisi yule yule wa daftari. Alimtazama Grégoire, kisha Sidonie.

"Wewe si yule aliyetoa ushahidi?"

Grégoire alimvuta Sidonie mkono, akimnong'oneza anyamaze. Hakunyamaza.

"Ni mimi. Nilisema vibaya. Huyu alikuwa anaondoa mchele watoto wetu wasife, yeye na Mzee Amisi. Andika."

"Ile kesi imekwisha, mama. Daftari imefungwa."

"Basi sikia tu."

Polisi alimtazama. Kisha akageuka, akainua mti wa kizuizi, akatazama upande mwingine wakati gari likipita.

"Unatetemeka," Grégoire alimwambia.

"Najua. Usiniachie mukono."