Betri Kwenye Buti

Jioni hiyo fundi alikuwa ameshanawa mikono na kuvua ovaroli, yuko mbioni kwenda zake nyumbani, gari la shemeji yake lilipoingia gereji likisukumwa. Wapita njia walikuwa wanahema kwa kusukuma. Mwenyewe, kama kawaida yake, amekaa kwenye usukani anatoa amri.

Watu walimwita Maridadi. Gari lile la kizamani, la milango mizito na bampa za kung'aa, aliachiwa na baba yake, naye alilipangusa kila asubuhi kwa kitambaa laini. Laiti mkewe angepanguswa machozi hata mara moja kwa kitambaa hicho! Mkewe alikuwa mdogo wake fundi, na mwaka jana alitoweka. Kakimbia na mwanamume, Maridadi alisema huku analia, na mwanamume mtanashati akilia huaminika upesi. Hata mama yao aliamini. Alikataza jina la bintiye lisitajwe nyumbani, akaendelea kumwita Maridadi mwanangu. Fundi peke yake ndiye aliyekataa, akaambiwa wivu unamsumbua kwa kuwa yeye hana mume.

"Shemeji, betri inakufa kila usiku," Maridadi alisema akishuka. "Nanunua mpya, inakufa. Na Jumamosi naoa. Bibi harusi atapanda hili hili. Mama amesema wewe hutanikatalia."

Mama amesema. Fundi alinyoosha mkono apewe ufunguo.

"Liache," alisema.

Alipobaki peke yake alivaa tena ovaroli. Betri haifi bila muuaji, ndivyo alivyofundishwa kazi. Alifunga betri iliyojaa, akaunganisha taa ya kupimia, akatoa ufunguo. Taa ya kupimia ikawaka. Kuna kitu kilikuwa kinanyonya umeme gari likiwa limezimwa. Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Ya redio, taa ikabaki inawaka. Ya saa, ikabaki inawaka. Akachomoa ya taa ya buti.

Ikazimika.

"Nimekupata," alisema. Taa ya buti haizimiki buti likifungwa. Kitu kidogo tu, na mtu analia na mabetri.

Ngo.

Fundi aligeuza shingo.

Ngo. Ngo.

Sauti ilitoka nyuma ya gari. Alirudisha fyuzi, na kukawa kimya. Akaichomoa tena... ngo, ngo, ngo, ngo, haraka haraka, kiganja cha mtu kwenye bati. Kisha ikaja harufu. Si petroli wala grisi. Ilikuwa ya mafuta ya nywele ya kopo la kijani, yale ambayo mdogo wake hakuwahi kuyabadilisha tangu usichana.

Tangu utotoni mdogo wake hakuweza kulala gizani. Baba yao alikuwa akigomba kuhusu taa mpaka akachoka mwenyewe.

Fundi aliirudisha fyuzi, akainama karibu na kufuli.

"Ni wewe?"



"Giza, dada."

Sauti ilikuwa ndogo, kavu, imekaukiwa hewa.

"Nani alikufungia humo?"

Ikaja taratibu, kwa chini: "Lete umeme huku... uwe mkononi mwangu."

Akafungua buti. Hamna mtu. Tairi la akiba, jeki, na taa ndogo inayowaka. Lakini upande wa ndani wa mfuniko ulikuwa umepakwa rangi mpya. Nani hupaka rangi mahali pasipoonekana? Fundi aliikwangua kwa bisibisi. Chini yake bati lilikuwa na mikwaruzo mingi, imesimama sambamba, myembamba kama ya kucha.

Alikaa sakafuni akalia mpaka akaishiwa. Akajifuta kwa mkono wa ovaroli. Huzuni yote ilikuwa imeisha, na kilichobaki kifuani kilikuwa hasira tupu.

Kesho yake Maridadi alipopita, alimwambia kwa upole wa kiofisi, "Joto la injini ndilo linaloua betri. Naihamishia nyuma, kwenye buti."

"Kwenye buti?" Maridadi alicheka kicheko kisicho na meno. "Hapana, shemeji. Weka chini ya kiti."

"Betri inatoa gesi. Unataka bibi harusi aivute? Kwani buti lina nini?"

"Halina kitu."

"Basi."

Jasho lilimtoka mwanamume yule asubuhi ya baridi. Akakubali.

Fundi aliifanya kazi kwa mkono wake mzuri kabisa. Alivuta waya mnene kutoka kwenye stata, akaupitisha chini ya zulia na kuufunga kila mahali usije ukakwaruzwa. Alifunga fyuzi kubwa jirani na betri, akaikaza betri ndani ya sanduku lake. Mwisho akatoboa tundu sakafuni mwa buti na kupitisha mpira wa kutolea hewa. Tundu lenyewe upana wa kidole. Alilitazama kwa muda mrefu. Betri imepewa hewa, mdogo wake hakupewa.

Ikabaki swichi kuu, ile ya kukata umeme wote. Fundi yeyote mwenye akili huiweka mkono wa dereva unapofika. Yeye aliifunga ndani ya buti, mbali kabisa, kwenye mgongo wa kiti cha nyuma, mahali ambapo mtu mzima hafiki mpaka ainame na kuingiza nusu nzima ya mwili. Wenzake wangemcheka.

"Haya," alinong'ona akifunga mfuniko. "Umeme uko mkononi mwako."

Maridadi alilichukua gari jua linazama. Liliwaka mara moja, likanguruma vizuri, akatabasamu. Hakufika hata kwenye kona.

Likazimika. Taa zote, puu.

Fundi alisimama getini. Barabara ilikuwa tupu. Umeme wote ulikuwa umekatika, ila kwenye ufa wa buti ulionekana mstari mwembamba wa mwanga wa njano.

"Shemeji!" Maridadi aliita. "Limezima! Njoo!"

"Swichi iko kwenye buti."

"Njoo uiwashe wewe!"

"Nimeshanawa mikono."

Maridadi alizunguka gari kwa hatua za mtu anayekwenda kuona maiti. Akafungua. Akaangalia kulia, kushoto, akainama, akanyoosha mkono... hakufika. Akainua goti akaingia.

Mfuniko ukashuka.

Haukupigwa na upepo. Ulishuka polepole, kama mtu anayefunga mlango asiamshe watoto. Mwanga wa njano ukazimika.

Halafu Maridadi akaanza kugonga.

Fundi alifika, akaweka sikio kwenye bati.

"Shemeji... fungua. Humu kuna mtu."

"Ulimweka humo kwa muda gani?"

"Fungua, nakuomba! Ananishika mkono!"

"Kwa muda gani?"

"Nilitaka anyamaze tu! Nikalala... jua likawa kali, shemeji, nikasahau..."

"Umemzika wapi?"

"Chini ya sakafu, kule ninakolaza gari. Fungua!"

Tuseme ukweli, fundi alikusudia kumfungua. Alitaka asimame mbele ya mama na kurudia maneno yale. Alitia ufunguo, ukazunguka vizuri, mfuniko haukusogea. Alipiga kelele. Mchomea vyuma wa jirani alikuja na mtaimbo, wakabanjua pamoja.

Ndani palikuwa na betri tu.

Fundi aliwaelekeza polisi, wakavunja sakafu ile wakamkuta mdogo wake. Maridadi hawakumpata. Wakwe zake watarajiwa wakatangaza kwamba kakimbia na mwanamke mwingine, na watu wakaamini.

Gari lilibaki gereji likiwa ushahidi. Siku moja fundi aliushusha mfuniko ule uliobonyea ili apate pa kupita, na papo hapo akasikia, "Shemeji..." Akauinua. Hamna mtu. Tangu hapo akaliacha buti wazi. Likiwa wazi, hayupo. Likifungwa, yupo. Hakumwambia mtu.

Lakini mama yake alikuja baada ya mazishi, amekonda, akataka kuonyeshwa mahali bintiye alipokata roho. Fundi hakuweza kumficha. Alimweleza yote.

Mama alilitazama buti tupu. "Lifunge," alisema.

"Mama..."

"Nimesema lifunge."

Fundi akalifunga. Sauti ikaanza pale pale, imekauka, inalia: "Mama... mama yangu, nisaidie... giza..."

Mama alivuta kigoda, akakaa nyuma ya gari, akapanga khanga yake magotini. Alisikiliza bila kupepesa macho mpaka sauti ikapasuka, ikaanza kukoroma. Ndipo alipoinuka na kuinua mfuniko kwa mkono wake mwenyewe.

"Muache apumue kidogo," alisema. "Kesho nitakuja mapema zaidi."

Na uso wake, kwa mara ya kwanza tangu msiba, ulikuwa umenawiri. Fundi aliogopa kumtazama.